Wanashuka Kashagulu Hao?

Video iliingia kwenye kundi letu la familia la WhatsApp Ijumaa usiku. Meli nyeupe imesimama kwenye maji meusi, nyuma yake barafu imepanda juu kama ukuta, na watu wenye majaketi mekundu wanateremka ngazi ya ubavuni mmoja mmoja. Chini wanapokelewa na mabaharia, wanashikwa mkono karibu na kiwiko, wanakalishwa kwenye boti ya mpira. Aliyeituma ni mpwa wangu anayesoma Dar. Chini yake aliandika, "Siku moja, Mungu akijalia."

Shangazi, ambaye yuko Kalya, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, tangu aolewe, akajibu kwa sauti kama kawaida yake, maana kuandika anasema kunamchosha macho: "Wanashuka Kashagulu hao? Mbona hawana mizigo?"

Kundi zima lilicheka, maana Kashagulu ni kijiji cha ziwani kwetu, na wale walikuwa watalii wa Antaktika, bara la barafu la kusini kabisa mwa dunia. Mimi nililala nikiwa na swali lake la pili kichwani, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Kwa asiyelijua ziwa letu: ukitoka Kigoma kuelekea kusini, gati la kueleweka ni bahati. Enzi meli yetu ya abiria, Liemba, inatembea, haikusubiri gati. Ilisimama nje, ikapiga honi, kijiji kikaamka. Ungeona tochi moja ufukweni, kisha tatu, kisha maboti yanakuja mbio kugombania ubavu wa meli, kwa sababu wa kwanza kufika ndiye anayepata abiria. Nimeshuka Kalya kwa namna hiyo mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka tisa, saa tisa usiku. Mwanaume nisiyemjua alininyanyua akamkabidhi mwanaume mwingine nisiyemjua, kama gunia la muhogo, huku mama akiuliza kwa juu viatu vyangu viko wapi. Kimoja kilikuwa kimeshazama. Ziwa hili lina kina cha hadi mita 1,470, kwa hiyo tulikisamehe.

Kila mtu wa mwambao anajua kwamba hukanyagi boti ikiwa chini. Unangoja wimbi liinyanyue, na inapolingana na mguu wako ndipo unaachia. Watalii wa Antaktika nao hufundishwa jambo hilo hilo kabla ya kushuka, ila wao hufundishwa ukumbini, kwa picha, wamekaa vitini. Sisi tulifundishwa kwa neno moja lililopigwa kwa kelele: "Sasa!"

Wengi wao huanzia Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, mji unaojiita mwisho wa dunia na unaoliuza jina hilo kwa kila mgeni. Hata wana treni yao ya mwisho wa dunia, kwenye reli iliyojengwa na wafungwa. Niliposoma hayo niliwaona kama ndugu. Sisi wa Kigoma ni mwisho wa reli miaka yote hii, na bado tunalitamka kama aibu. Kutoka Ushuaia meli hukata Mlango wa Drake, karibu kilomita 800 za bahari isiyokutana na nchi kavu ya kuipunguza nguvu. Ni siku mbili hivi, na wengi hutapika. Kisha barafu. Msimu wao ni Novemba hadi Machi, ambao huko ndio kiangazi, na gharama yake ni dola elfu kadhaa kwa kichwa. Nilipiga hesabu kwa shilingi, nikaifuta kabla mke wangu hajaiona.

Baadhi ya safari hizo hupitia kisiwa cha South Georgia, alikozikwa Ernest Shackleton, mvumbuzi wa safari za Antaktika, na hapo naomba nisimame kidogo. Meli yake, Endurance, ilibanwa na barafu ikazama Novemba 1915. Mwaka huo huo, miezi michache nyuma, hapa Kigoma Wajerumani walikuwa wameteremsha majini meli yao mpya. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapangwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka huku. Waliiita Graf von Götzen. Julai 1916, wakati wenzake Shackleton 22 wamejibanza kwenye kisiwa cha Elephant chini ya mashua mbili zilizopinduliwa wakingoja mtu awafuate, Wajerumani waliizamisha meli hiyo kwa mikono yao karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili adui asiipate. Mafundi waliipaka injini grisi nzito kwanza. Nadhani hawakuwa na moyo wa kuiua. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Endurance ilionekana tena Machi 2022, mita 3,008 chini ya Bahari ya Weddell, na ni kumbukumbu isiyoruhusiwa kuguswa. Meli mbili za zama moja: moja inapigwa picha na roboti gizani, nyingine ilikuja kubeba dagaa, migomba na mimi. Na Meyer Werft, kiwanda kilichoijenga Liemba, siku hizi kinaunda meli kubwa za kitalii, zile zenye mabwawa ya kuogelea juu.

Sasa turudi kwa shangazi. Mbona hawana mizigo?

Huko kuna masharti. Kabla ya kushuka, mifuko ya nguo zao hufyonzwa kwa mashine ili mbegu ya jani la kwao isiangukie huko, na mabuti husuguliwa kwa dawa. Ufukweni hawazidi watu 100 kwa mara moja. Meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Pengwini hawasogelewi chini ya mita tano, na tangu mafua ya ndege yafike South Georgia mwaka 2023, watalii huambiwa wasikae wala kupiga magoti chini. Kuna waliolicheka hilo kwenye kundi letu. Mimi sikucheka. Mahale unavaa barakoa mbele ya sokwe, unakaa mbali nao, unapewa saa moja, basi. Na ziwa lenyewe lilifungwa kwa wavuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024. Nililalamika kama wengine, hasa nilipoona bei ya dagaa sokoni, lakini nilijua moyoni kwamba samaki nao wanahitaji kupumua. Kwa hiyo katika suala la masharti mimi niko upande wa majaketi mekundu.

Ninapoachana nao ni kwenye neno moja wanalolipenda sana katika matangazo yao: mbali. Visiwa vya mbali, maji ya mbali, mahali ambapo wachache wamefika. Uzuri wa safari yote unauzwa kwa neno hilo. Nami nauliza, mbali na nani?

Chukua kisiwa cha Tristan da Cunha, ambacho baadhi ya meli hizi hukipitia zikitoka South Georgia. Kiko katikati ya Atlantiki ya kusini. Jirani wao wa karibu wenye makazi ni kisiwa cha St Helena, kilomita zaidi ya 2,400. Cape Town ni karibu kilomita 2,800, na safari ni kama wiki nzima ya bahari. Uwanja wa ndege hakuna. Watu wake hawafiki 300, wanaishi kijiji kimoja chini ya volkeno, wanavua kamba wakubwa na kulima viazi. Bandari yao ni ndogo, meli husimama nje, watu na mizigo hushuka kwa boti, na bahari ikichafuka hakuna anayeshuka. Wapo watalii waliovuka bahari hiyo yote, wakakiona kisiwa kwa darubini, wakageuza. Nilipofika hapo nilijikuta nimesimama ufukweni na wenyeji. Kwenye sitaha ya meli sikuwa na nafasi. Naijua sura ya mtu anayetazama meli inapita kwa sababu wimbi ni kubwa. Shangazi ameivaa sura hiyo mara nyingi, akiwa na vikapu viwili miguuni.

Volkeno ya Tristan ililipuka Oktoba 1961, watu wote wakahamishiwa Uingereza. Walipewa nyumba, kazi, umeme, maduka. Baada ya muda wakaulizwa wanataka nini, wakapiga kura, na karibu wote wakachagua kurudi. Mwaka 1963 wakarudi. Kwa mtu wa matangazo hilo ni fumbo. Kwa mtu wa Kalya ni jambo la kawaida kabisa. Kisiwa hicho hakiko mbali na wao. Wao wako hapo hapo kilipo. Kinachokuwa mbali ni meli.

Na hilo ndilo ninalotaka kusema. Bahari au ziwa halimtengi mtu kama inavyomtenga ratiba. Kalya haikusogea hata hatua moja Liemba iliposimama kwa matengenezo, lakini ghafla ilikuwa mbali. Watu wakarudi kwenye maboti ya mbao, usiku, mzigo juu ya watu na watu juu ya mzigo, upepo wa kusini unavuma miezi ya kiangazi, na jaketi okozi ukiliona limekaliwa kama mto. Mwaka 2007 meli ya kitalii iitwayo Explorer ilipasuliwa na barafu karibu na Antaktika ikazama, na watu wote 154 wakaokolewa na meli nyingine iliyokuwa karibu. Ndivyo ilivyo huko wanakokuita mwisho wa dunia: ukizama, kuna anayekuja. Nimesafiri usiku kati ya Sigunga na Kalya kwa boti ya mbao nikiulizana na jirani yangu nani angekuja. Akaniambia nilale.

Sitamkataza mpwa wangu ndoto yake. Akipata nauli, aende, akaone nyangumi, atuletee picha. Zaidi ya watu 100,000 waliingia kwenye maji ya Antaktika katika msimu wa 2022 hadi 2023, sioni kwa nini mmoja asitoke Mwanga, hapa Kigoma. Nimemwomba kitu kimoja tu: ikitokea meli yake ikapitia Tristan, kabla hawajaondoka Ushuaia aulize kama kuna mtu ana kifurushi cha kupeleka kisiwani. Kwetu, mtu kupanda meli mikono mitupu ni karibu tusi. Hata kama humjui anayekwenda kupokea, utapewa bahasha, sufuria, kuku mmoja aliyefungwa miguu, na jina la mtu wa kumuulizia ukifika.

Nilimweleza shangazi haya yote kwa simu juzi. Alisikiliza vizuri, hata habari ya pengwini. Kisha akauliza kuhusu dumu lake la mawese, la lita ishirini, ambalo liko barazani kwangu tangu wiki iliyopita. Nikamwambia nilishalipeleka Kibirizi, yanakotokea maboti, mara mbili nikalirudisha, upepo bado mkali, maboti hayatoki.

"Na hiyo meli ya majaketi, ikimaliza huko, haiwezi kupitia huku?"

Nikamwambia shangazi, ziwa letu halina njia ya meli kutoka baharini, meli ya namna ile haiwezi kufika.

"Si waifunge kwenye makasha," akasema, "kama ile ya kwanza. Reli si ipo?"