Tatizo sio sheria, ni meseji za saa nne usiku

Ndugu zangu wa Bongo mkiongea na mimi huwa mnasema Wajerumani wanapumzika kwa sababu sheria zao kali. Sio kivile. Sheria ya huku Ujerumani ninakofanya kazi inataka masaa 11 ya kupumzika toka utoke kazini mpaka urudi, yetu ya ajira ya 2004 inataka 12! Likizo yetu siku 28, yaani wiki 4, sawa tu na kiwango cha chini cha huku. Kwenye karatasi hatujaachwa, tatizo ni grupu la WhatsApp la ofisi, bosi anatupia meseji saa nne usiku naomba ile ripoti, watu wanagombania kujibu "sawa bosi naishughulikia" na aliyelala mapema kesho yake anaonekana hana moyo na kazi.

Mimi huku naongoza timu ndogo ya watu wa programu na hawafanani hata kidogo. Kuna dada saa tisa na nusu kashaondoka kumfuata mtoto chekechea, humshiki, halafu kuna kijana asubuhi ni kama hayupo ila usiku ndo kichwa kinafunguka, anapiga kazi mpaka saa sita. Wote kazi zao zinatoka vizuri. Shida ni kwamba kijana akimwaga kazi yake kwenye grupu usiku wenzake wanaamka wanakuta mlolongo wa meseji, wanajiona wavivu, taratibu nao wanaanza kuchungulia simu kitandani wakati hakuna aliyewaagiza.

Sijamkataza. Anaseti meseji ziondoke saa tatu asubuhi, basi. Na akimaliza saa sita usiku kisheria haanzi tena kabla ya saa tano, kwa hiyo vikao vyetu vyote ni kati ya saa tano na saa nane, hapo hata yule dada yupo. Nikimsifia mtu sitaji kamaliza saa ngapi.

Kuna mameneja huku wanataka kila mtu azime kompyuta saa kumi na moja, mi naona huo nao ni ubabe tu, umevaa nguo nzuri. Na nyumbani tunawazidi kitu kimoja: mtu akifiwa anaondoka kwanza, mambo ya fomu baadaye.

Mameneja wa Bongo, usiku andikeni mnachotaka, ila kitumeni asubuhi. Wiki moja tu, tuone ripoti gani itachelewa.