Thamostati irudishwe mahali pake

Juzi mjomba wangu alivutwa kwa kamba kutoka karibu na Mau Summit hadi Nakuru, hapa Kenya. Sasa Toyota Corolla yake ya 110, modeli ya mwishoni mwa miaka ya tisini, iko wazi boneti, hedi (kichwa cha injini) imelazwa juu ya gunia, na mzee wa watu anahesabu pensheni yake. Gari kuukuu kuharibika si ajabu, hilo silalamikii. Kinachoniuma ni kwamba gari hili limeuawa na matengenezo.

Mambo yalianza hivi. Kila alipopanda kutoka Salgaa kuelekea Sachangwan, mshale wa joto ulikuwa ukipanda. Akifika tambarare unashuka. Akalipeleka gereji moja mjini. Fundi hakushika kifuniko cha rejeta, ile inayopooza maji ya injini, hakutafuta panapovuja, hakuuliza feni inawaka lini. Alifungua nyumba ya thamostati, ile vali inayofunga na kufungua njia ya maji ya kupoza injini, akaing'oa thamostati yenyewe, akafunga tena. "Mzee, hii kitu ilitengenezewa nchi za baridi," akamwambia. "Huku kwetu kuna joto, hatuihitaji." Akalipwa, mjomba akashukuru, akaenda zake.

Maneno hayo nimeyasikia Nakuru, nimeyasikia Kibuye kule Kisumu, na sijui gereji ambayo hayasemwi. Wakati umefika tuyakatae.

Aliyeamka Molo mwezi wa saba anajua kama kwetu ni nchi ya joto. Lakini hata Kisumu penyewe, jua likiwa la utosi, hoja hiyo haisimami. Injini haijali sana hewa ya nje ikoje. Inataka kufika kwenye joto lake la kazi haraka na kubaki hapo. Thamostati hufunga njia ya maji kwenda rejeta mpaka injini ipate moto, na nyingi za Toyota huanza kufunguka maji yakifika nyuzi kama 82. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi safari nzima ya mjini. Kompyuta ya gari inasoma baridi, inaongeza petroli. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi za pistoni zinasuguana kavu, na oili isiyopata moto inabaki na unyevu mpaka inageuka tope. Halafu mwenye gari anaanza kulalamika kwamba linakunywa mafuta, anauziwa plagi mpya.

Kuna jambo baya zaidi, na ndilo lililomkuta mjomba. Kwenye injini nyingi za Toyota za enzi hiyo, thamostati hufanya kazi mbili. Ikifungua njia ya rejeta, kisahani chake cha nyuma huziba njia ya mkato ambayo maji hupitia kurudi kwenye injini bila kupoozwa. Ukiing'oa, ile njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Kwenye tambarare huoni tofauti, mshale unakaa chini na unaamini umepona. Ukianza kupanda mlima na mzigo, sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo bila kuiona rejeta. Yaani fundi anatoa kipande ili gari lisichemshe, na kwa kukitoa analifanya lichemshe mahali pale pale panapohitaji nguvu.

Na chanzo chenyewe? Kifuniko cha rejeta. Raba yake ilikuwa imekauka na kupasuka, spring imelegea, unaibonyeza kwa kidole inalala. Niliishika mwenyewe. Kwetu huku kifuniko hicho ni muhimu kuliko Mombasa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuria yanachemka kwa nyuzi kama 94. Mau Summit ni zaidi ya mita 2,400, yanachemka kwa kama 92. Hilo ndilo joto la kawaida la injini inayofanya kazi! Kinachozuia maji yasichemke ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko. Kifuniko kizima kinayawezesha yavuke nyuzi 110 bila kutokota. Kikichoka, maji yanasukumwa nje kidogo kidogo kila unapopanda, mpaka siku moja hayatoshi.

Siku hiyo ilipofika, mshale haukumwonya mjomba. Wenye magari wengi hawajui hili: kihisi cha joto kinapima maji. Maji yakipungua kihisi kikabaki hewani, mshale unaweza kushuka huku hedi inaungua. Ukiwa mlimani ukaona mshale umeanguka ghafla bila sababu, na gari limepoteza nguvu, simama na uzime. Usifungue kifuniko kabla halijapoa kabisa, maji yale yatakutoa ngozi.

Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, ikaungua, maji yakaingia kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha oili unakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa. Hedi imepinda, lazima ipelekwe kwenye mashine ichongwe. Kifuniko kipya hakifiki elfu moja. Kazi hii itameza makumi ya maelfu.

Dalili nyingine nitazipitia haraka. Moshi wa buluu, injini inakula oili. Moshi mweusi, petroli imezidi. Moshi mweupe asubuhi ya baridi ni mvuke wa kawaida, lakini ukiendelea injini ikiwa moto na maji yanapungua, tazama gasketi. Taa ya oili ikiwaka, zima papo hapo. Mkanda wa taiming, kama hujui ulibadilishwa lini, badilisha.

Nitakubali mambo mawili, ingawa kwa shingo upande. Thamostati ikikwama imefungwa, na uko Londiani usiku na watoto garini, itoe ufike nyumbani. Hiyo ni dharura, na kesho yake unanunua nyingine. La pili, mafundi wa jua kali, wale wa gereji ndogo zisizo rasmi, wanabanwa. Mteja anakuja na mia tano, anataka gari kabla ya saa kumi, na spea bandia zimejaa madukani. Tena wapo mafundi wasio na hata cheti kimoja wanaosikia injini ikinguruma wakakwambia ni silinda ya ngapi. Nawaheshimu kweli. Ndiyo maana siwezi kunyamaza wengine wanapogeuza kuficha dalili kuwa ufundi.

Kwa sababu hawang'oi thamostati peke yake. Feni inaunganishwa moja kwa moja izunguke siku nzima, balbu ya taa inayoonya kwamba injini ina hitilafu inatolewa kwenye dashibodi kabla gari halijauzwa, rejeta inayovuja inamwagiwa unga wa kuziba ambao unaziba na mirija mizima.

Kama una gari la umri huo, kesho asubuhi kabla hujaliwasha shika paipu ya chini ya rejeta. Washa, liache lingurume. Paipu hiyo inapaswa kubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha ipate moto. Ikianza kuwa vuguvugu tangu mwanzo, ama thamostati yako imekwama wazi, ama mtu aliitoa na hukuambiwa. Ukinunua nyingine ijaribu kwanza: itumbukize kwenye sufuria ya maji juu ya jiko, usubiri. Kabla maji hayajatokota utaiona inafunguka taratibu, ikitoka majini inajifunga. Isiyofunguka irudishe dukani.

Na wewe fundi, ukiletewa gari linalochemsha, anza na kifuniko, halafu kiwango cha maji, mipaipu, feni na pampu ya maji. Ukiona lazima utoe kipande, mpe mwenye gari mkononi, umwandikie kwenye risiti ni kipi na kwa nini. Mjomba angeandikiwa hivyo, angekuja kwangu na kile kipande, tungekuwa tumenunua kifuniko na kuirudisha thamostati kabla hajaanza kupanda Salgaa.