Mtu Aliyeandika Asichokijua

Kitabu changu cha kwanza cha mwandishi Bill Bryson nilikinunua kwa inama. Kwa wasioijua Nairobi, inama ni duka la vitabu lisilo na duka: vitabu vimetandazwa juu ya gunia kando ya barabara, nawe unainama kuchagua huku wapita njia wakikupiga vikumbo. Muuzaji alitaka mia tatu. Nikamwonyesha kona ya jalada iliyotafunwa na panya, tukapatana mia mbili. Hapo kando palikuwa na rundo refu la vitabu vya kukufundisha kutajirika ukiwa umelala, na hivyo, naona mpaka leo, havipunguzwi bei.

Kitabu chenyewe kilikuwa A Short History of Nearly Everything, yaani historia fupi ya karibu kila kitu, kitabu cha sayansi kilichotoka mwaka 2003. Nilianza kukisoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya matatu, na kurasa za mwanzo tu zilinirudisha darasani. Bryson anasimulia kwamba alipokuwa mtoto wa shule aliona kwenye kitabu cha sayansi cha miaka ya 1950 picha ya dunia iliyokatwa kama tikiti maji, robo yake imetolewa, matabaka yote yako wazi mpaka kwenye kiini chenye moto. Akakibeba kitabu nyumbani kwa hamu ili ajue jambo moja: walijuaje? Nani alikwenda huko chini akarudi kusema? Akakisoma chote, na jibu hakuliona.

Picha hiyo nami niliiona, Kidato cha Pili, somo la Jiografia. Na swali hilohilo nililiuliza. Darasa likacheka, mwalimu akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Hilo halitakuja kwenye mtihani." Akageukia ubao. Sikuuliza tena muhula ule. Tunapenda kusema kuuliza si ujinga, ila ukiuliza kweli ndipo unapojua watu wanauamini msemo huo kiasi gani.

Tofauti yangu na Bryson ni kwamba yeye alikaa na swali lile karibu miaka arobaini, kisha akaenda kulijibu. Alitumia takriban miaka mitatu kusoma na kuwasumbua wanasayansi kwa maswali ambayo mtu mzima mwenye staha huona haya kuyauliza. Nami nina maoni yangu kuhusu alikoupata ujasiri huo, maana wengi wanaomsifu husifu ucheshi wake tu. Ucheshi anao, sikatai. Lakini wacheshi ni wengi, na hatuwasomi.

Bryson alizaliwa tarehe 8 Desemba 1951 huko Des Moines, jimbo la Iowa, nchi ya mahindi katikati ya Marekani. Baba yake alikuwa mwandishi wa michezo wa gazeti la mji huo, hasa mchezo wa besiboli, na mama yake alifanya kazi gazeti hilohilo. Aliacha chuo katikati (baadaye alirudi kumaliza), akabeba begi mgongoni kuzurura Ulaya, na kufikia mwaka 1973 alikuwa Uingereza, kibarua katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Virginia Water. Hapo akakutana na muuguzi aitwaye Cynthia. Wakaoana.

Baadaye akaingia magazetini, kwanza Bournemouth, kisha The Times, kisha The Independent lilipoanzishwa. Hakuwa mwandishi wa kutajwa jina. Alikuwa katika lile kundi linalokaa ofisini hadi usiku likisafisha habari za wengine: hapa nukta, pale tahajia, huku mtaji umeandikwa milioni na chini umeandikwa bilioni. Nimeifanya kazi hiyo kwa Kiswahili miaka sita, kwa hiyo nasema ninachokijua. Inakupa ugonjwa fulani. Kila sentensi unaishuku. Unasoma "wataalamu wanasema" na mkono unakuwasha: wataalamu gani? Wamesema lini? Na zaidi ya yote unagundua, usiku baada ya usiku, mambo chungu nzima uliyodhani unayajua kumbe huyajui. Mimi nilifika miaka thelathini na miwili bila kuwa na hakika ni lini niandike "budi" na lini "hapana budi". Nani ningemwuliza, na mimi ndiye niliyelipwa kusahihisha?

Bryson alikwama hivyohivyo. Alichofanya ni kuandika kamusi. Ilitoka mwaka 1984, kamusi ya maneno ya Kiingereza yanayowatatiza watu, na yeye mwenyewe alikiri kwamba jina lililoifaa zaidi lingekuwa mwongozo wa mambo yote ambayo mwandishi wake hakuwa na hakika nayo hadi juzijuzi. Hapo ndipo ninapomwona Bryson mzima. Vitabu vilivyofuata, hata vile vya safari, ni kamusi hiyo ikirudiwa kwa sura nyingine: orodha ya vitu ambavyo mtu angepaswa kuvijua, na huyu hapa mmoja aliyekubali kusema havijui.

Mwaka 1987 aliacha kazi ya gazeti, akahamia mashambani Yorkshire na familia, akaishi kwa kalamu. Kitabu chake cha kwanza cha kusimulia safari kilitoka 1989: baada ya baba yake kufariki alichukua gari kuukuu la mama yake na kuzunguka majimbo 38 ya Marekani. Kinaanza kwa kusema anatoka Des Moines, kwa kuwa ilibidi mtu fulani atoke huko. Nimejaribu mara nyingi kuutafsiri mzaha huo. "Natoka Des Moines, nani mwingine angekubali?" Hapana. "Natoka Des Moines. Ilibidi apatikane wa kutoka." Hiyo inakaribia, ila bado.

Kisha akawaandikia Waingereza kitabu kuhusu kisiwa chao, 1995, nao wakakipenda mno. Heshima zilizofuata zinachekesha ukikumbuka kijana aliyekimbia chuo: alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Durham kuanzia 2005 hadi 2011 na maktaba yao kuu ikapewa jina lake, na mwaka 2013 Royal Society, chama cha wanasayansi cha Newton na Darwin, kikampa uanachama wa heshima. Mtu asiye na hata cheti cha maabara! Vitabu vyake vya uzeeni sivipendi sana, nakiri. Kile cha kurudi kuizunguka Uingereza, 2015, kimejaa manung'uniko ya mzee aliyekosa huduma nzuri dukani. Lakini 2019 akatoa kitabu kuhusu mwili wa binadamu, na lile swali la mtoto likarudi na nguvu zake zote. Mwaka uliofuata akatangaza kustaafu.

Sasa tuje kwetu, maana Bryson ametuandika mara mbili.

Mara ya kwanza ni kijitabu kilichotoka mwisho wa 2002 baada ya shirika la misaada la CARE kumwalika Kenya kwa kama wiki moja. Alipelekwa Kibera, akapelekwa Dadaab kwa wakimbizi, na mapato yote yakaenda kwa shirika. Nia njema, na simdharau. Anasema wazi kwamba Afrika aliyokua nayo kichwani ni ya filamu za msituni za utotoni mwake. Lakini kijitabu hicho ni chepesi, na sababu yake naiona wazi: ametembezwa. Mwenyeji anaonyesha, mgeni anaona, mgeni anasikitika, mgeni anaogopa ndege ndogo. Maswali ya aibu hayapo, kwa sababu ukiwa mgeni wa watu wenye nia njema huulizi kwa nini jambo hili liko hivi hata kidogo. Unashukuru.

Mara ya pili ni kurasa chache tu ndani ya kile kitabu cha panya, na zinakishinda kijitabu kizima. Amekwenda Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, ambako mwaka 1942 Louis na Mary Leakey, mke na mume wachimbuaji wa mambo ya kale, walikuta shoka za mawe zimetapakaa ardhini kwa mamia. Hapa Bryson amerudi kuwa yule msahihishaji wa usiku. Kwa nini watu wa kale walibeba mawe kilomita nyingi mpaka hapa? Kwa nini walitengeneza mengi hivyo, kuliko mtu anavyoweza kuhitaji? Na wao wenyewe wako wapi, mbona mifupa yao haipo? Anamwuliza mwenyeji wa makumbusho yetu, Mkenya anayeijua sehemu hiyo jiwe kwa jiwe, na anakubali jibu kwamba hakuna ajuaye. (Mwaka uleule kitabu kilipotoka, watafiti walipata hapo kipande cha fuvu. Vitabu vya sayansi vina bahati hiyo mbaya.)

Kwa ajili ya kurasa hizo nilimpeleka mpwa wangu wa miaka tisa huko Agosti iliyopita. Ukipita Kiserian na Corner Baridi barabara inateremka bondeni na joto linakupokea kama umefungua mlango wa tanuri. Unatembea juu ya daraja la mbao, na chini yako mawe yamelala palepale yalipoachwa. Mwongozaji alitupa moja tushike. Zito, lina ncha, linakaa kiganjani vizuri ajabu upande mmoja, na upande wa pili halikai kabisa. Mpwa wangu aliligeuza na kuligeuza.

"Mzee," akamwambia mwongozaji, "nani alikuwa anawaambia sasa yametosha?"

Nilitaka kumkanyaga mguu. Mwongozaji alivua kofia, akajikuna kichwa, akayatazama mawe kama vile ameyaona leo.

"Hilo sijawahi kuulizwa," akasema. Akavaa kofia, akaivua tena. "Hebu rudia."

Mpwa wangu akarudia. Wakachuchumaa wote wawili ukingoni mwa daraja wakahesabu mawe ya pembe ile tu, na walipofika sitini na moja wakabishana kama moja wamelihesabu mara mbili, wakaanza upya.