Vazi Kamili la Barafu, Jua la Saa Saba
Upande wa kushoto wa duka watu walikuwa wakigombania nguo za kuogelea zilizoshushwa bei. Upande wa kulia, sisi tulikuwa tukijaribisha glavu za manyoya.

Biashara ya vifaa vya barafu ndivyo ilivyo. Mzigo mpya hupangwa rafuni joto likiwa halijaaga, kwa sababu timu za watoto na madarasa ya kuteleza barafuni, kwa viatu vyenye chuma chembamba chini ya soli, huandikisha mapema, na namba za miguu midogo ndizo za kwanza kuisha. Ukingoja uione theluji kwanza, utakuta vimebaki viatu vya majitu.

Nilikuwa na wanangu wawili: kaka mtu, miaka minane, anayetaka hoki ya barafuni kwa sababu ina kugongana, na mdogo wake wa miaka sita, anayetaka kuzunguka barafuni na gauni linalometameta. Wote kaptura na kandambili. Mimi vilevile.

Dada muuzaji akatutazama miguu, akaenda kuleta soksi. Nilitarajia zile nene za sufu. Akaja na nyembamba, karibu uzione kucha. Nikamwambia, dada, huko tuendako ni barafuni. Akasema soksi nene hujikunja, mguu ukacheza ndani, mtoto akatoka na malengelenge. Na jasho likishapoa, hiyo ndiyo baridi yenyewe.

Tukaja kwenye namba, na hapo tukakosana. Mimi nimelelewa kwa kanuni moja ya kiatu cha mtoto: kiatu ni cha kukulia. Unanunua kitakachomfaa mwakani, unashindilia karatasi kwenye vidole, maisha yanaendelea. Yeye akaniletea namba ndogo kuliko ya kiatu anachoendea mtoto shuleni. Ndogo!

"Vya hoki vina namba zake, baba. Mara nyingi huwa ndogo kwa moja, au moja na nusu, kuliko viatu vya kawaida."

"Niletee kubwa kwa mbili."

"Kwani baba, huyu mtoto atateleza mwaka huu au mwaka ujao?"

Akapiga goti kunionyesha. Unagonga kisigino nyuma kikae barabara, unakaza kamba, hasa hapo kwenye kifundo. Mtoto akisimama wima, vidole viguse mbele kidogo tu. Akikunja magoti, virudi nyuma. Kiatu kikiwa kikubwa kisigino kinapanda na kushuka, kifundo kinalalia ndani, na mtoto anaishia kutembelea ubavu wa mguu. Nikanyamaza. Sikukubali, nilinyamaza tu.

Vya binti havikuleta ubishi. Vya kuchezea dansi barafuni vina meno kwenye ncha ya mbele ya chuma, vya hoki havina. Binti alipoyaona akamgeukia kaka yake: "Vyangu vinang'ata."

Kaka mtu, naye asishindwe, akadai kwamba hawezi kujua kama helmeti inamtosha mpaka avae na vingine vyote. Hoja hiyo hata wakili angeshindwa kuipangua. Akavishwa helmeti yenye wavu wa chuma usoni, kinga za mabega, za viwiko, za miguu, na glavu nene kama magodoro. Akasimama kwenye zulia la mpira. Kutoka nyuma ya wavu ikasikika sauti ndogo: "Baba, nasikia joto."

King'ora cha moto kikalia.

Mlinzi akapaza sauti: kila mtu nje, hivyo hivyo alivyo. Hivyo hivyo! Nikarukia kamba za viatu, lakini dada alikuwa amezifunga fundo la kutofunguka mchezoni, na kazi yake aliijua. Tena alishatuonya kwamba chuma kisikanyage saruji wala lami. Nikampakia kaka mtu mgongoni na silaha zake zote, binti nikamkwapua kwa mkono mmoja, tukaondoka.

Mlangoni, mitambo ya kunasa wezi nayo ikaanza kulia. Sasa ving'ora viwili, kila kimoja na wimbo wake. Mlinzi akanitazama, akawatazama wanangu, akanipungia mkono nipite. Nadhani alishapiga hesabu kwamba mwizi wa namba ile hafiki mbali.

Maegesho yalijaa watu wa upande wa kushoto, nguo za kuogelea mikononi, mmoja na boya la bata kiunoni. Wakatupisha njia. Mama mmoja mtu mzima akaniuliza kwa upole kama mtoto ni mgonjwa.

Nikawashusha kwenye majani. Binti, ambaye ndani hakuthubutu kusimama bila kushika rafu, akagundua kwamba chuma kikizama udongoni hakitelezi, akaanza kunyoosha mguu nyuma na kuwapungia watazamaji. Kaka yake akashuka kwenye lami makusudi, asikie inavyolia. Sauti ile iliniingia mpaka kwenye magego.

Zimamoto wakaja, wakaingia, wakatoka. Jikoni kwa wafanyakazi mtu alisahau mkate kwenye mashine ya kuuchomea. Zimamoto mmoja, naye amevaa gwanda zito na helmeti kwenye jua lile lile, akasimama mbele ya mwanangu. Wakapeana mkono bila kusema neno, kwa heshima ya watu wa kazi moja.

Dada muuzaji akaja kukagua chuma. Nikaanza kutafuta maneno. Akacheka: vyuma vile vilikuwa bado havijanolewa. Vipya vingi hutoka bila makali ya kutelezea. Dukani ndiko huchongwa ule mfereji mwembamba wa katikati, unaoacha makali mawili, la ndani na la nje. Mkwaruzo wa lami utaondoka na mashine ya kunolea. Tukanunua vyote, pamoja na vifuniko vya plastiki vya kutembelea na vya kitambaa vya kuhifadhia, maana plastiki hufungia maji na chuma kikashika kutu.

Picha nilikuwa nimeshaituma kwenye kundi la ukoo: watoto wawili tayari kwa barafu, nyuma yao gari la zimamoto, na pembeni mtu aliyevaa bata. Nikasubiri maswali. Mama yangu akajibu kwa ujumbe wa sauti.

"Mwanangu, hivyo viatu vya mjukuu wangu mbona vimembana? Si ungechukua vya kukulia?"