Vidole Kumi vya Ami

Hapa Bombo, Uganda, wanijua: fundi wa kanzu, mdomo umejaa pini, nikiulizwa jambo najibu kwa kichwa. Kwa hiyo mpaka leo sijaelewa ndugu yangu aliona nini hata akaniteua mimi kuwa mshenga wa mwanawe. Eti nina sura ya heshima. Sura ninayo. Pumzi ndiyo sina.

Pumu ninayo tangu utotoni, na vumbi la vitambaa halijanihurumia. Mwezi mmoja kabla ya siku ya posa nikashikwa na mafua, yakateremka kifuani, yakawa mkamba. Nilikohoa hadi watoto wa jirani wakawa wananihesabia kwa sauti. Kila mpita njia alikuwa na dawa yake: tangawizi, asali, kitunguu, na mmoja akataja mafuta ya taa, Mungu amsamehe. Kijana wa duka la dawa yeye alinitazama usoni tu akaniuzia amoksilini, antibiotiki ile ya kapsuli za rangi mbili. Nikazimaliza. Kikohozi hakikujua kama nimezimaliza.

Mwishowe nikaenda zahanati. Nesi akanisikiliza kifua, akasema mkamba wa namna ile mara nyingi huletwa na virusi, na antibiotiki haina ugomvi na virusi. Kikohozi chake huweza kukaa hata wiki tatu ndipo kiage. Kilichomtia wasiwasi ni ile filimbi iliyokuwa ikipigwa ndani.

"Hebu mzee, nioneshe unavyovuta inhela yako."

Nikaitoa ile ya buluu, kidude cha kupulizia dawa pumu inapobana. Nikapanua mdomo, nikabonyeza fyuu, nikafumba mdomo, nikameza.

Nesi akanyamaza kidogo. "Umekuwa ukifanya hivyo kwa muda gani?"

"Miaka kumi na minne."

"Basi mzee wangu, miaka kumi na minne umekuwa ukiutibu ulimi."

Akanifundisha upya kama mtoto wa chekechea. Tikisa. Toa pumzi yote. Bana midomo sawasawa. Anza kuvuta polepole, bonyeza mara moja, endelea kuvuta mpaka kifua kijae, kisha zuia pumzi na uhesabu hadi kumi. Ngoja kama dakika moja, rudia. Shida ikawa kwenye kuhesabu. Mimi nikikosa hewa hofu inanipanda, moja hadi kumi naimaliza kwa sekunde mbili kama mtu anayehesabiwa viboko. Nesi akasema, "Hesabu kwa vidole. Nyoosha kimoja, tulia, nyoosha cha pili. Nikuone." Nikanyoosha, akaniona, akaridhika.

Akanipa na maarifa ya chupa. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, toboa kitako chake kwa waya wa moto, tundu liukamate mdomo wa inhela barabara, kisha uvutie shingoni mwa chupa. Dawa inatua chupani kwanza, unaivuta kwa utulivu ikashuka mapafuni badala ya kugonga koo. Na ile inhela ya pili, ya kahawia, ya kuzuia pumu isije, akasisitiza, ni ya kila siku, asubuhi na jioni, hata ukijiona mzima, na kila ukimaliza sukutua mdomo usije ukaota utando mweupe. Ya kahawia niliitumia siku nne. Sikuhisi chochote, nikaitupa kwenye droo ya vifungo. Dawa isiyokufanyia kitu papo hapo, nikajiambia, ni ya kazi gani? (Hilo nimeshagombezwa na nesi, msinigombeze tena.)

Chupa lakini niliipenda. Niliiosha, nikaianika, nikaiweka juu ya kabati. Asubuhi ya posa, shemeji yangu alikuwa akijaza juisi ya pasheni ya kubeba safarini. Akaona chupa safi kabatini, akamimina. Nusu lita nzima ikapita moja kwa moja hadi kwenye gauni alilolishona kwa ajili ya siku hiyo. Chupa ikarushwa ng'ambo ya ua pamoja na maneno ambayo sitayaandika.

Tukaondoka bila chupa. Taksi ikatupitisha Matugga, Kawempe, Bwaise, madirisha wazi kwa sababu ya joto, vumbi na moshi vikiingia bila nauli. Kufika Kibuli, Kampala, kwao binti, kifua changu kilikuwa na sauti ya cherehani isiyotiwa mafuta.

Wenyeji walitupokea kwa heshima zote, na heshima ndiyo iliyotaka kuniua. Nyumba nzima ilikuwa imefukizwa udi. Kisha, kwa kuwa mimi ndiye mshenga, wakaniletea chetezo changu peke yangu, wakakisukuma chini ya kanzu yangu kama desturi ilivyo, moshi upande uninukishe. Ukapanda. Ukatokea kwenye kola.

Nikaanza hotuba. "Ndugu zetu, tumeona ua katika bustani yenu..." Neno *bustani* likanimalizia hewa yote. Nikasimama hapo hapo na mdomo wazi.

Makubaliano yetu yalikuwa haya: tuanze na milioni mbili, tukibanwa sana tuishie tatu. Hizo ndizo ndugu yangu alizokuwa nazo. Jambo ambalo hatukulijua ni kwamba ami yake binti aliwahi kuwa dalali wa ng'ombe, wa wale wa zamani waliopatana bei kwa vidole chini ya kitambaa, watu wa pembeni wasisikie.

Nikatoa inhela. Nikatikisa, nikatoa pumzi, nikabana midomo, nikavuta, nikabonyeza. Wakati huohuo ami dalali akasema, "Bwana mshenga, ua umeliona. Tusizunguke. Mmekuja na ngapi?"

Mimi nimezuia pumzi, macho yamenitoka. Nikanyoosha kidole cha kwanza.

Cha pili. Ndugu yangu akatikisa kichwa, sawa, ndivyo tulivyopanga. Cha tatu. Akakunja uso kidogo, mbona nimekimbilia mwisho? Cha nne. Cha tano. Bwana harusi, aliyekuwa amekaa mlangoni kwa adabu zake zote, akasimama. Mkono wa pili ulipoingia kazini, wazee wetu wakaanza kunong'onezana kwa Kinubi, lugha yetu, mambo ambayo nashukuru wenyeji hawakuyaelewa. Saba. Nane. Nikawa natulia kila kidole kama nilivyofundishwa, na dalali aliuona utulivu ule akauheshimu. Kumi.

Nyuma ya pazia vigelegele vikapasuka.

Nikaachia pumzi, "Haaaa." Wakaichukua kuwa ni pumzi ya mtu aliyetua mzigo. Sauti bado ilikuwa haijarudi, kifua kinabana, na nesi alisema pulizo mbili. Nikawapungia mkono waningoje. Dakika moja ya kimya. Kwenye pazia nikaona mkono wa shangazi mmoja ukichomoza na kibanzi cha udi, ukakiongeza kwenye chetezo. Bila shaka alikuwa amegundua bei inapandishwa na nini.

Nikavuta ya pili. Kidole kimoja.

"Kumi na moja," dalali akanong'ona.

Nilipofika cha nne ndugu yangu aliruka akanishika mkono, jasho linamtiririka. Nikadhani ananifariji, nikampigapiga begani kwa ule mkono mwingine.

"Mwacheni amalize!" bibi yake binti akafoka kutoka nyuma ya pazia.

Dawa ile hufanya kazi upesi, ndani ya dakika chache njia za hewa hulegea. Nikakaa vizuri, nikajifuta uso, nikajisikia kijana. Sauti ikarudi ikiwa nzito na ya heshima, nami nikawaambia:

"Haya, sasa tuzungumzie mahari."

Sijawahi kusikia kimya kama kile, hata makaburini.

Kueleza kulichukua nusu saa. Niliitoa inhela, nikaipitisha mkono kwa mkono, nikawaonesha tundu, nikataja zahanati, nikataja nesi, nikarudia hesabu ya vidole mara tatu, na kila nikivinyoosha ndugu yangu alivikunja. Vidude hivi vilianza kuuzwa Marekani mwaka 1956, na sidhani waliovibuni waliwahi kuwaza posa. Vijana walicheka. Dalali hakucheka. "Kwetu," akasema, "kidole kikishanyooka hakikunjwi."

Aliyetuokoa ni binti mwenyewe, maana mahari ni yake, si ya ami yake. Alituma neno kutoka ndani: milioni tatu na nusu. Tatu ni za mahari, hiyo nusu ni ya vidole. Na chetezo kitolewe nje kabla mzee hajafikisha thelathini.

Ndugu yangu ile nusu milioni alikopa kwangu. Ya kahawia nimeitoa kwenye droo.

Siku ya harusi, kabla hatujaingia ukumbini, kifua kilinibana tena kidogo. Bwana harusi alinivutia pembeni, akachomoa kwenye koti lake chupa mpya ya nusu lita, ameitoboa mwenyewe kwa waya.

"Mkono mmoja kwenye chupa, Ami, na mwingine kwenye inhela. Usiachie. Kuhesabu nitahesabu mimi."

Akahesabu kwa kunong'ona hadi kumi, mikono yake yote miwili akiwa ameitia mfukoni.