Siku niliyowahi mtihani kuliko watu wote

Kwanza niseme mimi sio mvivu, msije mkanielewa vibaya. Mimi ni mtu wa ratiba. Mwanzo wa muhula nilikaa chini na rula na kalamu za rangi nne nikachora ratiba moja ya hatari, bluu lekcha, kijani kupiga msuli (yaani kusoma), njano marafiki na mambo ya kijamii, nyekundu kulala, rumeti wangu akaipiga picha akawatumia watu. Wiki ina masaa 168, hilo halina mjadala, nikagawa kila kitu vizuri halafu nikajumlisha nikapata 181. Nikajumlisha tena nikapata 183. Sasa mtu mwenye akili zake angepunguza njano, mimi nikapunguza nyekundu. Kila kilichozidi nakikata kwenye usingizi, usingizi ndo ukawa benki yangu, nakopa tu na benki haisemi kitu, kumbe inaandika.

Na mtihani wenyewe ninaotaka kuwasimulia (msicheke mapema) ulikuwa wa saikolojia, mada ya usingizi na saa ya mwili. Yaani nilikuwa nakesha nikisoma madhara ya kukesha.

Mtihani ulikuwa Jumatano saa moja kamili asubuhi. Saa moja! Aliyepanga nadhani ana ugomvi na watoto wa watu. Basi Jumatatu jioni nikasema leo nasoma mpaka kieleweke, nikatumia ile njia ya Mtaliano mmoja Francesco Cirillo, aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1980 naye akiwa mwanafunzi anayehangaika kama mimi, unategesha ile saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, unasoma dakika 25 unapumzika dakika 5. Njia nzuri sana. Nilisoma dakika 25 moja. Kwenye zile 5 za kupumzika nikashika simu nikakuta kuna bethidei ya mtu, chumba cha tatu kutoka kwetu, muziki wenyewe nilikuwa nausikia siku zote hizo ila nilikuwa najifanya ni wa mbali, nikasema ngoja nipite nusu saa tu nisije nikaonekana nina maringo.

Nusu saa ile iliisha saa nane usiku.

Nikarudi, dhamira inanisuta, nikasoma mpaka kumekucha, Jumanne asubuhi nikaunganisha na lekcha mbili halafu diskasheni ya kundi, na kwenye diskasheni nilikuwa natikisa kichwa kwa kila anachosema mtu mpaka mmoja akaniuliza swali nikatikisa kichwa vilevile. Saa nane mchana nikarudi chumbani. Nilikuwa nimesoma kwenye madesa, zile notsi zetu za lekcha, kwamba ukinywa kahawa halafu ukalala hapohapo dakika 20, kahawa inakuja kufanya kazi ndo unaamka, unaamka mpya kabisa. Nikanywa kikombe kizima, nikategesha alamu ya saa nane na dakika arobaini, nikajilaza juu ya shuka bila hata kuvua viatu ili usingizi uelewe kwamba hapa tunapita tu.

Alamu sikuisikia, na kwa haki yake haikulia. Nilikuwa nimeitegesha ya usiku.

Nikafumbua macho chumba kina ule mwanga wa kijivujivu, mwanga usio na msimamo. Mdomo umekauka, mkono mmoja umekufa ganzi, sijui mimi nani. Nikavuta simu: 6:25. Sasa simu yangu kioo kilipasuka pembeni, palepale ambapo huwa inaandika kama ni asubuhi au jioni, mimi naona tarakimu tu. Sita na dakika ishirini na tano, yaani saa kumi na mbili na nusu kasoro, mtihani saa moja, nimelala toka jana mchana, MUNGU WANGU.

Mtu akiniuliza mpaka leo namwambia mimi saa nilisoma sawasawa. Ilikuwa kweli saa kumi na mbili na nusu kasoro. Tatizo hizo saa kumi na mbili ziko mbili kwa siku, jina moja, mwanga mmoja, ubaridi mmoja, kama mapacha wanaovaa sare.

Kitanda cha rumeti kitupu. Nikaona meseji yake imeingia dakika ishirini zilizopita: "Niko huku tayari, we unakuja?" Jamani. Mtu tunalala chumba kimoja, ameamka, ameoga, amevaa, amenipita nimelala kama gogo siku ya mtihani, halafu anafika huko ndo ananiuliza unakuja. Nikamwandikia meseji ambayo siwezi kuirudia hapa, ila ilianza na "nyoka wewe" na iliishia na "mwanao atakufanyia hivihivi". (Yeye alikuwa maktaba, anasoma. Alinihadithia baadaye kwamba ile meseji aliisoma mara nne akitafuta amekosea nini, akaamua ni stresi za mtihani akaniombea dua.)

Nikatoka mbio mswaki uko mdomoni. Getini yupo mzee mlinzi.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba mwanangu, mbona mbio?"

"Mtihani mzee, nimechelewa!"

"Haya, Mungu akutangulie."

Angalieni jinsi bahati mbaya inavyofanya kazi. Ningemwambia "habari za asubuhi" pale pale angenishika mkono na kunirudisha ndani. Lakini nina adabu, nikampa shikamoo, na shikamoo haina saa.

Njiani dalili zilikuwepo, sitawadanganya. Watu wengi nilikutana nao wanarudi badala ya kwenda, na wamechoka, nikasema hawa wa zamu za usiku siku hizi wameongezeka. Jua lilikuwa linaonekana upande ambao sio wake, nikasema ni mimi nimepoteza dira. Na kadri ninavyozidi kukimbia giza linazidi kuingia. Hapo nilisimama kidogo nikatazama juu, nikasema duh, leo mvua itanyesha ya kufa mtu, nikaongeza mwendo.

Nikafika ukumbini saa moja kasoro dakika tano. Taa zinawaka, watu wamekaa, viti vimepangwa mbalimbali, msimamizi anagawa karatasi. Nikashukuru. Kweli sura zilikuwa ngeni, kulikuwa na baba mmoja amelegeza tai, kuna mama wa makamo pembeni yangu amevua viatu vya kisigino ameviweka chini ya meza, wengi wananukia ofisi. Nikasema hawa watakuwa wa sapu. Maskini, nikawahurumia, mpaka watu wazima hivi bado wanarudia saikolojia.

Ikaja karatasi ya kusaini, jina langu halipo. Nikamwita msimamizi, akaangalia orodha, akaniangalia mimi na povu la dawa ya meno kwenye kidevu, akasema "andika chini kwa kalamu, tutashughulikia." Nikaandika. Kwa herufi kubwa.

Nikageuza karatasi ya maswali.

Swali la kwanza: eleza tofauti kati ya gharama zinazobadilika na gharama zisizobadilika.

Kimya. Nikalisoma tena. Sasa lazima mjue kitu kimoja, ukilala mchana ukapitiliza ile nusu saa unazama kwenye usingizi mzito, ukiamshwa humo ubongo hauji wote, unakuja kwa mafungu, na fungu langu la kufikiri lilikuwa bado liko kitandani. Halafu nilikuwa nimekosa lekcha tatu za mwisho kwa ajili ya njano. Na mwalimu wetu anapenda mifano ya ajabu. Kwa hiyo sikuwaza hata sekunde moja kwamba nimekosea chumba, niliwaza hiki ndo kile alichofundisha siku sikuwepo. Kijasho kikanitoka. Nikasema mtu wa saikolojia hakosi la kusema, nikaandika kwamba gharama zisizobadilika za mwanadamu ni yale masaa 7 mpaka 9 ambayo kijana anashauriwa kulala kila siku atake asitake, na zinazobadilika ni marafiki.

Swali la pili mashine imenunuliwa, imetumika miaka mitano, kokotoa uchakavu. Nikaona aaah, mashine ni mwili, hapa tunaongea lugha moja. Nikamshusha Randy Gardner, yule mwanafunzi wa sekondari wa Marekani, miaka 17, aliyekaa macho masaa 264 mpaka Januari 1964, siku 11, na jinsi alivyochakaa, hasira, kusahau, kuona vitu ambavyo havipo. Nikachora na grafu inashuka. Ilikuwa grafu nzuri kwa kweli.

Swali la tatu ndo lilinimaliza kwa raha: kampuni ina madeni ya muda mfupi na ya muda mrefu, eleza namna bora ya kuyasimamia. Deni la usingizi! Hili tulisoma! Nikaandika kurasa mbili na nusu, kwamba deni la wiki nzima huwezi kulilipa kwa kulala Jumamosi moja mpaka mchana, kwamba mkopaji hajijui kama amefilisika, mifano yote nikajitoa mimi mwenyewe. Nilikuwa na uchungu, kalamu ilikuwa inapasua karatasi.

Katikati ya ukurasa wa tatu nikainua kichwa kupumzisha shingo nikatazama dirishani, nikijua saa hizi jua litakuwa limepanda.

Kuna mwezi. Na nyota, nyingi tu. Naapa kitu cha kwanza kilichonijia ni kupatwa kwa jua. Nikawaza mbona hawakututangazia.

Yule mama akaona nimeduwaa, akanisogelea kidogo akanong'ona, "Mwanangu usijali, ni ngumu kwetu sote. Tukitoka hapa ni kwenda kulala tu."

"Kulala? Asubuhi yote hii mama?"

Mama akanitazama muda mrefu, yale macho ya mzazi anayekuwekea mkono kwenye paji la uso kupima homa. Halafu akageuza ile karatasi yangu ya maswali upande wa mbele, akaweka kidole taratibu juu kabisa, kwenye mstari ambao mimi mwenye haraka sikuusoma: UHASIBU WA GHARAMA. MASOMO YA JIONI. JUMANNE.

Jumanne.

Nilihisi kile kipande cha ubongo kilichobaki kitandani kinawasili ukumbini mbio mbio, kinahema, kinasema samahani nimechelewa.

Nikasimama. Msimamizi akasema kaa, hakuna kutoka kabla ya nusu saa ya kwanza kuisha. Nikaangalia saa ya ukutani zimebaki dakika nne. Nikakaa. Sijawahi kukaa dakika nne ndefu namna ile. Nikamkumbuka Mfaransa Michel Siffre, naye alikuwa kwenye madesa yetu, mwaka 1962 aliingia pangoni bila saa akakaa miezi miwili gizani peke yake, alipotolewa tarehe 14 Septemba yeye hesabu zake zilimwambia ni tarehe 20 Agosti. Siku 25 zimempotea. Lakini yeye alipotezwa na pango zima lenye barafu ndani, mimi masaa 12 nimepotezwa na shuka.

Dakika zilipoisha nikakusanya karatasi nikampelekea msimamizi. Kwa nini nimekusanya badala ya kuichana sijui mpaka leo, nadhani ni mazoea ya shule, ukiandika unakusanya. Kutoka nje nikakutana na mzee mlinzi tena.

"Umeshamaliza? Ulikuwaje?"

"Mgumu mzee."

Sasa msidhani imeisha, kwa sababu mtu aliyelala toka saa nane mchana mpaka jioni, tena na kahawa tumboni, usiku halali. Nilijaribu. Nilihesabu mabati yote ya dari. Rumeti akarudi kutoka maktaba akanikuta namtazama, nikamwomba msamaha, akacheka mpaka akakaa chini, akalala yeye, mimi nabaki nasikiliza anavyokoroma kwa amani. Usingizi ulinijia kwenye saa kumi na moja alfajiri, umekuja umejaa, umekuja na mizigo yake.

Nikasikia natikiswa. "Amka, saa kumi na mbili na nusu, mtihani!"

Nikafumbua jicho moja. Mwanga wa kijivujivu. Ule ule. Nikamwambia niache bana, huo mchezo nimeshaujua, hiyo ni jioni. Akaapa. Nikamwambia lete ushahidi. Akafungua pazia, nikamwambia hata jana lilikuwa hivyohivyo. Akanionyesha simu yake yenye kioo kizima, nikamwambia umebadilisha saa kunikomoa kwa ile meseji. Mwisho alinimwagia maji ya kwenye chupa, akanivuta mguu mpaka mlangoni, na mimi njia nzima ya kwenda ukumbini kila ninayekutana naye namuuliza "samahani, hii ni asubuhi?" Wengine walijibu, wengine walivuka barabara.

Msimamizi alikuwa yuleyule. Akanipa karatasi, akainama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Leo ni somo lako?" Nikasoma mstari wa juu kabisa kwa kidole, neno kwa neno, kabla ya kumjibu.

Saikolojia nilifaulu, sio kwa kishindo ila nilifaulu, nadhani ni kwa sababu swali la saa ya mwili lilitaka mfano halisi.

Wiki mbili baadaye napita kwenye ubao wa matangazo nikakuta wamebandika matokeo ya testi ya uhasibu, darasa la jioni. Nikasimama kuangalia tu, kwa ajili ya yule mama (alipata 31, nilimuuliza jina tulipokutana tena). Chini kabisa ya orodha, kwa kalamu, kuna jina langu: 7 kwa 40. Nikapitisha jicho juu tena, alama moja moja, nikarudia kuhakikisha.

Sikuwa wa mwisho.