Mtihani Umekula Jua

Jamani, sisi Waswahili saa yetu tumeifunga kwenye jua. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili, likipanda kidogo ni saa moja, watoto wameshafika shule. Miaka ishirini na mbili nimeishi na utaratibu huo Tanga bila kugombana na mtu. Sasa nimeletwa Trondheim, huku Norwei, muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi, na Desemba hii jua linachomoza saa nne asubuhi. Saa nne! Kwetu saa hiyo muuza supu anaosha sufuria. Halafu saa nane na nusu mchana limeshazama. Linakuja kama mtu aliyefika msibani kwa lazima: linachungulia, linaandika jina kwenye daftari la rambirambi, linaondoka.

Sasa piga hesabu na mimi. Mchana wa huku ni saa nne na nusu. Mtihani mmoja ni saa nne. Unaanza saa tatu asubuhi, unaisha saa saba. Naingia ukumbini kwenye giza, nikitoka nalikuta jua linafunga mizigo. Nimebakishiwa saa moja na nusu ya kuwa binadamu, na hapo basi sijalisubiri. Sala nazo zimesongamana. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi, zote ndani ya saa mbili na kitu, zimebanana kama abiria wa daladala ya Raskazone. Ukizubaa kufungua kamba za viatu, moja imeshakupita, na viatu vya huku vina kamba ndefu za kufungia mashua.

Mama ndiye hataki kabisa kuelewa. Juzi kanipigia ya video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uko wapi usiku huu?"

"Chumbani, mama. Na si usiku, ni saa tisa."

"Saa tisa ya usiku?"

"Ya mchana, mama."

"Na hilo dirisha nyuma yako nalo linasema mchana?"

Nikageuka. Dirisha limeshaanza kuingia giza, na ng'ambo ya barabara nyota za karatasi zenye taa ambazo wenyeji wananing'iniza madirishani wakingoja Krismasi. Mama kaziona zinawakawaka. "Mwanangu," akasema kwa upole ule wa hatari, "kama umeanza kukesha kwenye mabaa niambie mimi, baba yako sitamwambia." Kule kwao ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua linapiga mpaka kwenye kioo cha simu yake. Mtu ana ushahidi mkononi, utamshinda vipi?

Tuingie ukumbini sasa. Wasimamizi wa mitihani wengi ni wazee, wastaafu wenye mvi na viatu visivyotoa sauti. Mlangoni nikakutana na bibi mmoja, ulimi ukaponyoka wenyewe: "Shikamoo." Akaangalia kitambulisho changu, akatabasamu, akasema "Lykke til", yaani kila la heri, akanionyesha kiti. Marahaba hakuna. Nimefanya mtihani mzima nikidai salamu yangu.

Saa ya pili haja ikanibana. Unanyoosha mkono, anakuja mzee rika la babu yangu, anakusindikiza mpaka chooni, halafu anasimama nje kukusubiri. Mimi nimelelewa kumbebea mzee mfuko, siyo mzee anilinde nikijisaidia. Sasa babu wa watu amesimama koridoni, mikono nyuma, wewe ndani unaanzaje? Nilifungua bomba la maji nikanawa, nikarudi na haja yangu kama nilivyokwenda nayo.

Halafu chakula. Chuoni kwetu ukikutwa mtihanini na kipande cha karatasi mfukoni, hata kama kilifungia maandazi, hesabu umedisko, yaani umefukuzwa chuo. Huku dada wa meza ya mbele alianza kupanga: chupa ya maji, ndizi, chokoleti, mikate iliyotenganishwa na vikaratasi, na karoti. Nikadhani anafungua genge. Msimamizi akapita, akaangalia, akaendelea na safari zake. Ukumbi kimya kama makaburini, kila mtu anabonyeza kompyuta yake polepole, mara kwacha! Karoti. Kimya. Kwacha! Swali la tatu nimelisoma mara saba, na mara sita kati ya hizo nilikuwa nasikiliza karoti.

Mimi mwenyewe nilibeba mkate na ile jibini yao ya kahawia, brunost. Ukiiona mara ya kwanza utaomba ndoo ya maji ufulie mashati, maana ni kipande cha sabuni hasa, rangi na umbo. Wanachemsha maji ya maziwa yaliyobaki kwenye jibini mpaka sukari yake inaungua na kuwa kahawia. Ni tamu, sikatai. Lakini jibini tamu ni kama chai ya chumvi, akili inauliza mdomo nani amekosea.

Mwenzangu wa jikoni, Mnorwei, naye kaniona nimenyong'onyea, kaniletea chupa ya mafuta ya ini la samaki. Wanayaita tran. Ananiambia unakunywa kijiko kila siku, miezi yote yenye herufi R kwenye jina. Nikamwambia, kaka, kwa Kiswahili Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba hakuna hata mmoja wenye R. Nimesamehewa mpaka Januari.

Basi nikatoka mtihanini saa saba, nikajisemea leo hili jua nitaliona. Lakini barabara imeganda. Wenyeji wanafunga meno ya chuma chini ya viatu, mimi niliangalia bei dukani nikaona heri nianguke. Nikatembea kama kuku aliyefungwa miguu, nikaanguka mara mbili, mara ya pili mbele ya mtoto wa chekechea. Nikafika chumbani nimechoka, nikasema nijinyooshe dakika kumi, kesho nina mtihani mwingine.

Kushtuka, giza. Simu yangu nimeiacha na mtindo wa nyumbani, haina mambo ya saa ishirini sijui ishirini na moja. Inasoma 8:04. Saa mbili! Mtihani saa tatu! Zile herufi ndogo pembeni, nani anazisoma akiwa amekurupuka? Kompyuta kwapani, karoti mfukoni (ndiyo, nami nimeanza), mbio mpaka kituoni. Ndani ya basi watu watatu, kila mmoja na kona yake. Nikawashangaa, wanafunzi wa leo hawana haraka?

Ukumbi umefungwa. Taa zimezimwa. Nikagonga mlango, nikagonga tena. Akapita mzee mmoja na mbwa wake aliyevalishwa koti zuri kuliko langu, akanitazama, akasema taratibu, "God kveld." Hilo neno tulifundishwa wiki ya kwanza. Ni salamu ya jioni.

Simu ikaita. Mama.

"Mwanangu, nakusikia unahema, uko wapi? Huko sasa hivi mchana au usiku?"

"Subiri mama," nikamwambia, "nimuulize tena mwenye mbwa."